Mwenye Kuuliza Kwa Nini Bawalimu Banahama

Wilondja mujukuu wangu,

We mukaidi, masika ngapi imepita uko Bukavu bila kuniletea hiyo sura yako? Bengine banasema ulikufa. Mi nabaambia hapana, anafundisha.

Nilitoka ku kijiji yetu Lubondja, niko Baraka kwa dada yako. Jana ku soko, tukikula bukari, ugali yetu, na ndakala ya moto, ile dagaa ya ziwa, binti mumoja mwenye kusoma uchumi akaikala karibu yetu. Ni yeye anakuandikia hii. Anazunguka akiuliza kwa nini mwalimu anaacha shule moja, école moja, na kuenda ingine.

Nikamuuliza: «Na ukishajua, utaipika?»

Akacheka, akaniita nyanya: «Koko, hapa Baraka école iko mingi, badirekta, bakubwa ba shule, banapokonyana mwalimu muzuri. Kwenye iko moja tu, mwalimu anapokea chochote banamupa. Mi nalinganisha.»

Nikamuambia: «Kumbe ni kama bavuvi! Mununuzi akiwa mumoja ku ziwa, bei ya samaki inaenda vile anapenda yeye.»

«Ndiyo hivyo, Koko! Na kwenu Lubondja?»

Nikamuambia kwetu bazazi banamulimia mwalimu shamba ya muhogo, asihame.

«Basi mwalimu wenu alibakia?»

Nikamuomba aje leo na kalamu, kwa sababu mwalimu ule ni we. Ulienda, Wilondja, na mpaka leo sijue tulikukosesha nini. Ile shamba yako bangali banaipalilia.

Mungu akufunike, baridi ya huko isikuguse. Siku utakuja, usininunulie kitu. Pita kwanza ku shamba, ung'oe muhogo, uikale nami ku jiko, uniambie na kinywa yako.