Fundi Kausafisha Mji Wetu

Mwenzangu, mji wetu umekwisha! Ule wa kwenye kompyuta, tulioujenga tangu sekondari, wenye ile reli yako ya kipuuzi inayozunguka kiwanda cha soda.

Nilimpelekea fundi kompyuta nikamwambia, "Isafishe." Nilimaanisha vumbi. VUMBI!

Mpumbavu kafuta kila kitu. Namuuliza mji uko wapi, ananijibu huku anatafuna, "Dada, si ulisema nisafishe?"

Nisafishe! Watu elfu tisini, mwenzangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa maji.

Halafu eti nisinune, kaniwekea mchezo mpya wa kujenga miji, nianze upya.

Nimeanza. Nyumba ya kwanza ni yake, nimeijenga katikati ya jalala. Maji sijamvutia, na sitamvutia.