Jina la Fundi Kwenye Boksi la Mwankoko

Baba Neema wangu,

Nimeoka mwenyewe. Najua ungeuliza, "Mkate umeiva au umeungua?" Umeiva, mwenzangu, ndiyo maana nakuandikia, ingawa barua hii haina pa kwenda.

Unakumbuka siku mama yako alipokuja kutoka Unyambwa? Nilikuwa uani napepeta alizeti, akauliza uko wapi, nikamjibu kama ulivyozoea kusema mwenyewe: anaoka tangu asubuhi. Masikini, mama wa watu akaingia, akakaa kwenye kochi, akaomba chai ya kuteremshia mkate. Akangoja mpaka chai ikapoa. Akashindwa kuvumilia, akaita, "We baba, mkate huo hauivi tu?" Ukatoka chumbani na kakadi ka kompyuta, kadogo kama ukucha, ukamwekea kiganjani. Akakageuza huku na huku. "Mwanangu, na huu tunagawana wote?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ukamweleza taratibu, kwa Kinyaturu. Kwamba kuna watu huko duniani wameandika mapishi ya programu wakayaacha wazi, yeyote achukue bure na kubadilisha apendavyo. Wewe unachagua yale tu yanayohitajika na kiboksi kinachoongoza pampu ya maji ya sola: kuamka jua likitoka, kujua tangi limejaa au bado, kuwasha, kuzima. Kompyuta inayaoka pamoja kutwa nzima, kinatoka kitu kimoja cha kupakia kwenye kadi. "Kiboksi kina tumbo dogo, mama. Ukikilisha kila kitu kinavimbiwa." Mimi nilisimama mlangoni na ungo wangu, nasikiliza, na tangu siku hiyo nikaanza kukaa pembeni yako. Nikikosea ulisema tu, "Chumvi hiyo, Mama Neema," nikajua nimezidisha kitu. Ila umeme ukikatika katikati ya kuoka, weee! Matusi yako yote niliyajua.

Kuna pishi moja uliliandika mwenyewe toka mwanzo. Pampu ya Mwankoko ikikwama, kioo cha boksi kinaandika: "Samahani, nimeshindwa. Mpigie fundi." Halafu jina lako na namba yako. Ulikataa katakata kuweka Kiingereza. Ulisema wanaochota maji pale ni mama zetu, boksi haliwezi kuwagombeza kwa lugha ya wageni.

Tangu tukuzike nilikuwa sijaweza kuifunga namba ile. Simu yako nilikuwa naichaji pamoja na yangu. Ikiita nilipokea, nikasema "fundi hayupo," kana kwamba umekwenda Itigi na utarudi jioni. Nilikuwa napenda kulisema neno lile, maana asiyekuwepo anaweza kurudi.

Mwezi huu kipimo cha tangi kikaharibika. Kilicholetwa ni cha aina nyingine, boksi halikitambui, maji yakakatika. Simu yako ikaita. Alikuwa Mama Salome, mwenyekiti wa kamati ya maji. "Mama Neema, wanawake wamerudi kuchimba maji mchangani bondeni. Kama fundi hayupo, tumwite wa mjini aling'oe hilo boksi, atuletee la dukani." Boksi likiondoka, na jina lako linaondoka. Nikamwambia, "Nipe mpaka siku ya gulio, dada yangu."

Pishi la kipimo kipya halikunishinda. Liliungua, nikarudia, likaungua tena, nikarudia, likaiva. Kilichonishinda ni ule mstari wa jina. Nitawarudishiaje boksi lenye namba ya marehemu? Siku likikwama watampigia nani? Nilikaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe cha kufuta, nalia kama mtoto. Nilikukasirikia pia, nisikufiche. Ulinifundisha kila kitu, hili hukunifundisha. Kisha nikafuta, herufi moja moja, kama mtu anayevua pete. Nikaandika jina langu na namba yangu, nikaoka, nikaipeleka kadi kwenye boksi.

Maji yanatoka Mwankoko, Baba Neema. Mama Salome alinishika mikono yote miwili.

Jana pampu ikakwama tena, takataka tu kwenye bomba. Niliposikia simu nilikimbilia yako, mazoea hayo. Yako ilikuwa kimya. Iliyokuwa inaita ni yangu. Sauti ya bibi mmoja, mzee kabisa: "Haloo, ni kwa fundi?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, shikamoo. Fundi ndiye mimi."

Nakukumbuka, mume wangu, nakukumbuka sana, na hilo halina dawa. Lakini simu yako nimeizima leo asubuhi, nimeifunga kwenye kanga yangu. Pumzika. Hakuna tena atakayekuamsha kwa ajili ya maji.

Mkeo,
Mama Neema