Jua la Baridi Limeua Mayai ya Tulia

Jumatano, Njombe. Jua kali, baridi kali. Umande umeganda kwenye majani, na mimi nimeamka vibaya.

Shule sikukanyaga. Naongea, simu inaandika. Leo iandike vizuri, nina hasira.

Mayai ya mjukuu wangu Tulia yamekufa, yote, ndani ya mashine ya kutotolesha. Vifaranga walishaanza kugonga ganda. Kuku hao ndio wangemtoa kwenye vibarua vya kuchuma chai Lupembe.

Aliyewaua ni mume wake, Festo, fundi sola wa Makambako.

Kwa utani wetu mimi ni mke wake mkubwa, kwa hiyo namsema nitakavyo. Paneli mbili za sola juu ya bati zilitosha kuendesha mashine. Yeye akaongeza ya tatu. "Bibi, huku baridi, jua lenu halina nguvu." Akaziunga mkia kwa kichwa, akajumlisha volti zilizoandikwa nyuma, akaona kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kujaza betri, itazibeba. Kwa taabu, lakini itazibeba.

Jana jua lilipochomoza, kontrola ikalia pa. Moshi. Betri ikajikongoja hadi jioni, ikazima. Mayai tukayafunika na blanketi langu.

Hayakungoja.

Leo kaja fundi mwenzake, mama mtu mzima, kasoma nyuma ya paneli. Kasema volti zile zilipimwa paneli yenyewe, si hewa, ikiwa na nyuzi joto ishirini na tano. Ikichemka zaidi ya hapo, volti zinashuka. Ikipoa, zinapanda. Na hapa kwetu jua linaipiga ikiwa bado imeganda, volti zikapita uwezo wa kontrola.

"Kumbe baridi inaongeza," Festo akasema.

"Mume wangu, umeoa Njombe mara mbili, mimi na Tulia, baridi bado huijui?"

Hakuna aliyecheka.

Nikamkalisha kigodani, nikampa beseni. Avunje yai moja moja, mke wake akiona. Vifaranga wengine walishaota manyoya. Katikati akaanza kulia. Nikamwambia machozi hayaangui yai, amalize.

Akamaliza.

Aliyeniangalia kwa chuki ni Tulia, si yeye. Jumatatu anarudi kwenye chai. Sasa najiuliza: nimemwadhibu mume, au nimemwua mjukuu wangu mara ya pili, baada ya mayai?

Sijui. Chakula cha Festo nimekiacha jikoni, kimefunikwa, mnofu mkubwa juu.

Kesho asubuhi anapanda kuing'oa paneli ya tatu, na bati litakuwa linateleza. Ngazi nitaishika mimi. Asivunjike shingo, sijamaliza kumsema.