Kilomita Nane Zilizozidi Kati ya Molo na Nakuru

Alhamisi, Molo. Ukungu haujainuka tangu asubuhi.

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, nilimpoteza rafiki wa miaka kumi na tisa. Hajafa. Yuko Nakuru, gereji yake pale Kaptembwo iko wazi, na kuna mtu aliyemwona jana akila mahindi ya kuchoma kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimpoteza wakati lori langu lilipozima injini sokoni Nakuru nami nikaitazama dashibodi. Mita ilisema tumetembea kilomita sitini tangu getini kwangu.

Kutoka getini kwangu hadi pale sokoni ni hamsini na mbili.

Naandika polepole leo. Nikiandika haraka nitamtukana, na nimejizuia kwa siku mbili nzima.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mama wa viazi. Nilianza kwa kubeba vitunguu vya watu mgongoni, nikahamia mkokoteni, halafu pikapu iliyokuwa inawaka ikitaka. Sasa nina lori moja la tani saba, zee kuliko kifungua mimba wangu, na limelipiwa lote. Sikurithi kitu. Nilichonacho ni lori, stoo ya mabati na daftari. Daftari ndilo lililonifikisha hapa. Kila lita na kila gunia viko humo, na kila safari.

Zakayo ndiye fundi aliyeifufua ile pikapu. Wakati huo alikuwa na spana tatu na kipande cha boksi cha kulalia chini ya magari. Ananiita Profesa kwa sababu ya daftari. Namwita Injinia, jina lililoanza kama utani, likawa heshima. Mume wangu alipofariki, Zakayo aliliendesha lori mwenyewe kwa wiki mbili ili viazi visioze, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Nalitaja hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwaka jana alikuja na wazo. Alisema injini yangu ni nzuri ila kompyuta yake ni ya zamani. Iliwekewa vipimo vya nchi tambarare, wakati huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini inakosa hewa, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta yale yale, na mengine yanatoka nyuma kama moshi mweusi. Akasema atafunga kompyuta mpya kidogo na kuandika upya vipimo vya mafuta ili vilingane na mlima wetu.

"Asilimia kumi na tano, Profesa. Nikikosa, niite muongo mbele ya watu."

Nikamuuliza itagharimu ngapi. Akasema kwangu ni bure, mimi ni wa kwanza, nikiridhika niseme tu kwa wenzangu.

Nikiridhika, niseme tu. Nimeirudia sentensi hiyo tangu Jumanne.

Kazi ilichukua siku nne. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye mtungi wa mafuta uliopinduliwa, nikimpelekea chai na chapati huku akiwa na nyaya shingoni. Siku ya tatu alinyamaza sana. Nilidhani amechoka. Siku ya nne akatoka akipangusa mikono, akasema, "Sasa pima."

Nikapima. Hapo ndipo ninapojiona mjinga, maana ni yeye aliyenifundisha kupima. Enzi za pikapu mimi nilikuwa nakadiria kwa kutazama mshale wa tangi. Yeye ndiye aliyeniambia mshale ni mpumbavu. Jaza dizeli hadi shingoni, andika mita, fanya kazi zako, jaza tena hadi shingoni, gawanya kilomita kwa lita. Nimefanya hivyo tangu wakati huo bila kuruka hata mara moja. Kwa hivyo alijua ni nambari mbili tu ninazozitazama. Lita zinatoka kwenye pampu ya kituo cha mafuta, na huko hana mkono. Ikabaki moja.

Kabla ya kazi yake lori lilikuwa linatembea kilomita nne kwa lita. Baada yake, nne nukta sita. Nilijaza mara sita kabla ya kuamini, na mara zote sita zilikubaliana.

Na dereva wangu, Joel, akaongeza ushahidi wake: "Mama, hii gari imekuwa nyepesi. Siku hizi ile mlima ya Salgaa inapanda na speed hujawahi kuona."

Hata hilo nililiandika. Sasa naelewa kwamba gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Mshale wa mwendo na mita ya kilomita vinakula sahani moja. Ukidanganya mmoja, mwingine unadanganyika.

Mtu atauliza kwa nini sikugundua miezi yote hiyo, mimi ninayejisifu kwa hesabu. Nina majibu mawili. La kwanza ni rahisi: mimi huwa siendi na lori. Joel huzunguka mashambani kuokota magunia, leo huku, kesho kule, na hakuna siku mbili zenye njia moja. Kilomita nane zinajificha vizuri sana humo. Jumanne ilikuwa tofauti kwa sababu viazi vyote vilikuwa stoo tayari, tulikwenda moja kwa moja, nami nilikuwa ndani nikienda kununua magunia mapya.

Jibu la pili silipendi. Dizeli niliyonunua kwa mwezi haikupungua. Niliona. Nikajiambia ni msimu, ni mvua, barabara za mashambani zimeharibika. Nilikuwa naitazama safu moja ya daftari, ile iliyonifurahisha.

Kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Tuna kikundi chetu cha wenye malori ya mazao, tunakutana mara moja kwa mwezi. Nilisimama na daftari mkononi, nikasoma nambari moja baada ya nyingine. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja alisema, "Kama Profesa amepima, sisi tunapima nini tena?" Watu wakacheka, nami nikacheka, na kusema kweli niliipenda siku hiyo kuliko siku yangu ya harusi. Malori manne ya wenzangu yameingia kwa Zakayo tangu hapo. Hao hawakufanyiwa bure. Na Jumatatu ijayo ni zamu ya Mama Chebet, aliyeuza ng'ombe wawili wa maziwa ili apate za kumlipa. Ana lori moja, watoto watatu shuleni, na neno langu.

Jana sikukaa kusubiri maelezo. Asubuhi mapema nilijaza tangi hadi shingoni hapa Molo, tukaenda Nakuru na mzigo, tukarudi tupu, nikajaza tena. Lita ishirini na sita. Nikafungua daftari la kabla ya kompyuta, safari ya namna hiyo hiyo, mzigo huo huo. Lita ishirini na sita.

Kule Nakuru, magunia yalipokwisha kushushwa, nilimwambia Joel alipeleke lori kwa fundi mwingine wa umeme wa magari, msichana mmoja anayeitwa Faith, hata miaka thelathini hajafika. Ramani ya simu niliyoiwasha tangu getini ilikuwa imesema hamsini na mbili, kama barabara ilivyosema siku zote. Sikumwambia Faith jina la aliyefanya kazi. Nilimwambia tu anisomee kilichomo.

Alichomeka laptopu yake, akatazama muda mrefu huku akitafuna chingamu ya bazoka. Ana nakala ya vipimo vya kiwandani vya kompyuta ya aina hiyo. Akaviweka kando kwa kando na vyangu.

"Mathe, kompyuta ni mpya na waya zimefungwa vizuri, huyo mtu anajua kazi. Lakini mafuta haijaguswa. Ni vile ilitoka kiwandani. Kitu imebadilishwa ni hii moja tu."

Akanionyesha. Ni nambari inayoiambia kompyuta gurudumu lizunguke mara ngapi ndipo ihesabu kilomita moja. Ilikuwa imepunguzwa. Gurudumu likizunguka kidogo, mita tayari imeshasherehekea.

"Inaweza kuwa bahati mbaya?" nikamuuliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nisiwadanganye, nilitaka sana.

"Inaweza. Ukifunga kompyuta ingine lazima uandike hiyo nambari, na mtu anaweza kosea."

Nilipanda lori na hilo "inaweza" kama chakula cha njiani. Hatukuwa tumefika hata nje ya mji nikagawanya sitini kwa hamsini na mbili. Ni moja nukta moja tano na kitu kidogo.

Asilimia kumi na tano. Ile ile aliyoniahidi.

Kosa halilengi hivyo. Mtu akikosea nambari, anapata saba, anapata ishirini na tatu, anapata upuuzi. Hapati ahadi yake mwenyewe.

Na ule moshi uliopungua wiki za kwanza, ambao pia niliusimulia kikundini? Joel amekumbuka leo asubuhi kwamba filta ya hewa ilibadilishwa siku ile ile. Sasa filta imechafuka tena, ndiyo sababu moshi umerudi.

Nilimpigia Zakayo Jumanne jioni. "Profesa, niko chini ya gari, nipigie baadaye." Nikapiga baadaye, haikushikwa. Jana nikamwandikia hesabu yote, bila neno la matusi, pamoja na alichosema Faith. Alisoma, kwa sababu alama ziligeuka bluu. Baada ya saa mbili akajibu: "Dada, tutaongea tukikutana. Mambo kama haya si ya simu."

Miaka kumi na tisa hajaniita dada. Dada ni jina la mteja.

Hizi siku mbili nimekaa nikiipanga hasira yangu na nimegundua haina mahali pa kukaa. Sikulipa, kwa hivyo sina cha kudai. Lori halikuharibika. Linakunywa lilivyokuwa likinywa. Nikienda kwa chifu nitasema nini, kwamba nimefungiwa kompyuta bure na inafanya kazi? Alichochukua ni kile watu wanachoamini nikifungua daftari, na nilimpa mwenyewe, nimekaa kwenye mtungi, namshikia kikombe.

Kuna jambo moja linanirudia. Siku ya tatu, ile aliyonyamaza. Labda alijaribu kweli. Labda aliandika vipimo vya mafuta, injini ikakataa, akaviandika tena, ikakataa, nami niko pale na chapati nikimwangalia kama mtume. Labda aliona aibu, akarudisha kila kitu kilivyokuwa na kuigusa nambari moja ili asinivunje moyo. Huyo ningemfokea hadi sauti ikauke, kisha siku moja, sijui lini, ningekunywa naye chai.

Au labda hakujaribu hata kidogo. Labda alipanga tangu mwanzo, akatafuta mwanamke mmoja Molo ambaye watu wanaamini hesabu zake, akamfungia bure. Huyo simjui. Huyo alinizikia mume na kuendesha lori langu wiki mbili, na simjui.

Mama Chebet amenipigia leo mchana. Alitaka kujua kama apeleke lori Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri. Nikamwambia asubiri kidogo, nitampigia. Akasema, "Sawa, Profesa, wewe ndiye unajua." Nilikata simu nikiona aibu, kwa sababu ningeweza kumwambia pale pale na sikumwambia. Nilikuwa bado nakungoja wewe.

Ndiyo, wewe, Zakayo. Mke wako alishaniambia huwa unasoma hapa kila ninapoandika.

Sitaki tukutane. Ukikutana nami utaleta maneno mengi na utanikumbusha mazishi, nami nitalia, na nikilia sitasikia vizuri. Mama Chebet hataleta lori, hilo limekwisha, na wale wanne watajua kabla ya wiki kwisha kwamba nilisoma nambari ya uongo mbele yao. Nitawaambia ilikuwa yangu kupima safu zote na sikupima. Sehemu yangu nitaibeba. Kilichobaki ni sehemu yako, na sijui nitaiita nini.

Kwa hivyo nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa lingine. Ulipoiandika nambari ile, ulikuwa umejaribu ukashindwa, au hukuwa umejaribu?

Nina miadi ya kumpigia Mama Chebet Jumamosi saa sita mchana, halafu wale wengine wanne. Andika neno moja kati ya haya mawili: nilishindwa, au sikujaribu. Saa sita kamili nitawaambia ulilochagua. Ukinyamaza, nitawaambia hukujaribu.