Mraba wa Baba Mkubwa Heriel

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 2025

Mpendwa Dada Joyceline,

Ngo, ngo, ngo. Huo ni mlio wa mita ya mbao ya Baba ikigonga kingo za rafu, na hii ni wiki ya tatu nausikia hata nikiwa kazini. Nitakueleza. Kwanza pokea salamu zangu. Hujambo? Mguu wa Mama mkubwa Hyasinta unaendeleaje na baridi ya Songea? Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana Mama mkubwa huwaambia watu kwamba napima miwani. Natafiti magonjwa ya macho na ya neva yanayorithiwa. Zaidi ni ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kuna koo za watu ambamo utando huo hufa polepole. Mtu huanza kwa kutoona jioni, kisha pembeni, mwishowe hubaki na kitundu cha kutazamia. Tuna chumba kimoja Upanga, friji mbili za damu, na michoro ya koo ukutani. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyeugua hupakwa wino mweusi.

Nimeketi na familia sitini na mbili. Watu hawajui kusema kwamba babu yao hakuona gizani, kwa hiyo nilijifunza kuuliza hivi: "Nani kwenu alikuwa akianguka-anguka?" Hucheka, wakajibu, "Aa, huyo alikuwa mlevi tu." Hapo mimi huweka alama ya kuuliza. Walevi wa koo za watu, Dada, nimewawekea alama wote. Swali hilo ndilo ninalowafundisha wageni kazini.

Sasa ile mita. Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, na duka letu la vitenge liko ndani kabisa, halina dirisha. Wenye maduka wakawasha tochi za simu. Baba hakuwasha. Alichukua mita akawa anagonga rafu moja baada ya nyingine, akizihesabu hadi kwenye mzigo alioutaka. Mbaruku wa duka la jirani akapaza sauti:

"Mzee Elimringi, vitenge vimekukosea nini mbona unavichapa?"

"Naviamsha! Vimelala hapa tangu Idi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Umeme uliporudi nilipunga mkono pembeni ya shavu lake. Hakugeuka.

Nyumbani nilimwambia aje apimwe. Alimaliza ndizi zake kwanza. "Usiniandike kwenye makaratasi yako," akasema. Kisha akalitaja jina ambalo kwetu halitajwi mezani. "Kaka Heriel naye alikuwa hivi."

Hapa naandika polepole, kwa sababu ni habari ya baba yako.

Sote tulikuzwa tukijua kwamba Baba mkubwa Heriel aliuawa na pombe, kwamba alitoka kilabuni kule Machame akatumbukia kwenye mfereji wa mashamba. Najua ni kwa maneno hayo Mama mkubwa alifunga mizigo akarudi kwao Songea nawe, na ndiyo maana Desemba, tunapopanda wote kwenda nyumbani Machame, wewe huji. Baba anasema siku ile kaka yake hakutoka kilabuni. Alitoka nyumbani kwa Baba, walikuwa wakinywa chai. Giza lilipoanza kuingia, Heriel alimwomba Baba amshike mkono hadi ng'ambo ya mfereji.

"Nikamwambia, mtu mzima unashikwa mkono kama bibi harusi? Nikacheka. Nilicheka, Agnesi."

Kesho yake watu waliposema pombe, Baba hakuwasahihisha. Miaka ishirini na miwili.

Sikumfariji. Nilikuwa najitazama mwenyewe. Familia sitini na mbili nimeziuliza swali lile, yangu sikuiuliza. Mlevi wetu nilimwacha awe mlevi.

Asubuhi Baba aliniambia nikuandikie, kwa kuwa yeye mistari haioni tena. Desemba atawaambia ndugu mwenyewe, kaburini kwa Heriel. Hakunituma nikuombe msamaha. Nadhani anajua hilo haliagizwi.

Kwa jinsi inavyoelekea, ugonjwa wetu ni ule ambao mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Yaani wewe, na mimi. Katika barua yako ya Pasaka ulisema umeacha kwaya ya jioni kwa sababu njia ya kurudi inakuchosha. Nimeisoma mara nyingi. Huenda ni uchovu kweli. Nenda ukapimwe, Dada. Dawa ya kukuahidi sina, lakini afadhali kujua kuliko kuja kuitwa jina lisilo lako.

Mama na kaka Wilbert wanawasalimu sana. Mama mkubwa msomee barua hii akiwa ameketi, na usiiharakishe.

Mimi Jumatatu nilimkabidhi mwenzangu Abbasi funguo za friji na utafiti wangu wote wa miaka minne, maana mtu hawezi kuwa mpimaji na mpimwa katika daftari moja. Shahada yangu ya uzamivu itangoja, au itakuwa yake. Kisha nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa, Baba kando yangu. Nilimwekea kidole kwenye mstari wa fomu ya ridhaa, akatia sahihi. Sitara, muuguzi wetu, alinitoa damu mkono wa kushoto, akaniuliza swali langu mwenyewe: nani kwenu alikuwa akianguka-anguka? Nikamjibu, "Baba mkubwa Heriel. Na hakuwa mlevi." Mraba wake sasa una wino. Duara lako nimeomba liachwe jeupe, hilo ni lako kulisemea. Langu nalo bado ni jeupe.

Mungu akulindie njia zako za jioni.

Mdogo wako akupendaye,
Agnesi