Kamba ya Kapu la Viazi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo wa wifi umepata nafuu, na watoto hawajambo. Sisi huku Mungu anatusitiri. Ila moyo wangu hautulii, na simu nimeiogopa kwa sababu anayeipokea ni wifi, na presha yake unaijua.

Viazi vilifika. Shida si viazi, ni kamba. Kapu ulilifunga kwa ule mmea unaotambaa nyuma ya jiko lako, ukiwa bado na maua yake meupe yenye koo la zambarau. Nikapitia nalo kazini. Unajua kazi yangu, kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu na kuandika kila mmoja umetoka wapi. Mkuu wetu, tunayemwita Dokta, akaviacha viazi akang'ang'ania kamba. Akachukua lenzi, akasema siku zote mmea huu umechanganywa na ndugu yake wa mabondeni, lakini yule majani yake ni laini, huu una vinyweleo kwa chini. Akasema ni aina nyingine kabisa, haijapewa jina. Wenzangu wakanitania kwamba kwetu hata kamba zina shahada.

Nilicheka nao mpaka Dokta alipofungua ramani. Wa mabondeni una vitone vyekundu kila upande, kila kitone ni mahali ulipowahi kuchumwa. Wa kwetu hauna hata kimoja. Akaniuliza nimeutoa wapi.

Kaka, nikakumbuka yaliyotokea korongoni. Mmea wa mwisho kuwa na kitone kimoja ulikuwa ule wa korongoni. Kwa kuwa haukuonekana kwingine, pakazungushwa waya, watu wakahamishwa, na asiye na hati ya kiwanja hakupata kitu. Na wewe hati huna.

Basi nikasema umetoka kile kilima cha ng'ambo ya mto, kusikokaa mtu. Mimi, ninayewaongoza akina mama kwenye sala. Nikaandika kwa mkono wangu huu, Dokta akaweka kitone, na barua ya kuomba kilima kizuiwe ikaenda kwa wakubwa. Safari ya kwenda kukikagua ni Jumatatu.

Leo nimemkuta dereva wa ofisi akijaza upepo magurudumu. Nikamwambia pole, atakwenda kuchoka kwenye pori tupu. Akanishangaa. Akasema pori gani, dada, wale wa korongoni si ndiko walikohamia? Magodoro yao aliyabeba yeye.

Tangu hapo nikipiga magoti maneno hayaji. Nimewaza nikwambie uufyeke mmea wote na kuuchoma, lakini wale watu bado watafukuzwa mara ya pili, na safari hii ni kwa mdomo wangu.

Nisamehe, kaka. Jumatatu kabla gari halijawashwa nitamwambia Dokta ukweli, kisha nitapanda nao kuja kwako. Kazi wakininyang'anya, basi. Usikimbie, wala usiufyeke. Waite majirani. Anikeni nguo, jiko liwake, watoto wacheze uani, ili wakishuka kwenye gari waone watu kabla ya kuona maua.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, ili initangulie. Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na mniombee.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuja na gari la Jumatatu.