Juisi Niliyomnunulia Mama

Galkayo,
Jumatano

Kwa Dada Ruqiya mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Janaale, na mto umerudi mahali pake. Mimi ni mzima. Mama anawasalimu, ila habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, maana nikiwa kwenye simu hukaa karibu nami akasikia kila neno. Barua hii nampa dereva wa lori la matunda, la kwanza kufika tangu mafuriko yakate barabara.

Siku arobaini sokoni hapakuwa na ndizi, papai wala balungi. Mama, unavyomjua, akawa anaisukuma sahani: “Wali bila ndizi! Mnanilisha kama mfungwa?” Nikakumbuka Bi Filsan, muuguzi wa kliniki, alivyotuambia mgonjwa wa sukari asiache matunda. Basi nikawa namnunulia Mama juisi za boksi, zile zenye picha ya embe. Tatu kwa siku. Akinywa, moyo wangu unatulia.

Kisha akajikwaa kidole cha mguu. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Siku niliyokwambia ni mkwaruzo tu, kidole kilikuwa kimeshakatwa. Nisamehe.

Bi Filsan alipoipima sukari alishika kichwa. Akauliza Mama alikuwa akinywa nini. Alipotajiwa juisi, akasema yeye alimaanisha tunda lenyewe, kipande kwa kiasi. Ile ya boksi ni sukari na rangi. Kabla sijafungua kinywa, Mama akasema, “Nilikuwa najinunulia mwenyewe, kwa kujificha.”

Bi Filsan akamgombeza mbele ya wagonjwa wote: “Bibi mzima unadokoa kama mtoto!” Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, Dada, nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza.

Jumamosi daktari ataamua kama mguu utabaki. Silali. Kila nikibadilisha bendeji, nanusa kwanza. Nimemsihi Mama tuseme ukweli, akanijibu, “Wewe bado mtu wa kuolewa mji huu. Mimi wakinicheka, nani alikuwa anakuja kuniposa?”

Kesho nitakwenda kwa Bi Filsan nikaseme peke yangu, benchi lile la wagonjwa likiwa limejaa watu. Nimetaka wewe ujue kwanza. Hasira zako zote nipe mimi. Mama mwombee mguu wake.

Wabusu watoto, na shemeji mfikishie salamu zangu.

Mdogo wako,
Idil